Njia ya Kontere kwa Papa Bahati

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mlinzi, nikakaa juu ya jiwe jeusi mbele ya mlango wa bilo, yaani ofisi ya umeme, nimevaa viatu vya shemeji yangu, nimejaza karatasi mbele visinitoke. Kulikuwa na ukungu kutoka ziwani. Taa ya bilo niliiona ikielea peke yake hewani kama haina nyumba. Au labda nakumbuka vibaya. Jambo hili nimeliandika asubuhi nyingi, na kila nikiliandika ukungu unazidi kuwa mzito. Ninyi vijana mnaosoma, mtaupunguza wenyewe.

Shefu wa Posti alikuwa muzee mrefu kutoka Butembo, mtu wa misa ya kila asubuhi, sauti yake ndogo. Aliangalia viatu kwanza, halafu uso.

"Weye mama, umesoma mpaka wapi?"

"Nilimaliza primere, Shefu."

"Namba unazijua?"

"Ninazijua."

"Basi inatosha. Kontere haiandikake barua."

Kontere ni mita ya umeme. Za wakati ule zilikuwa na kisahani cha chuma nyuma ya kioo, kikizunguka polepole, chenye alama nyeusi pembeni. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kusoma namba. Shefu alinifundisha kungoja alama ile nyeusi ipite mbele ya macho kabla ya kuandika, nihakikishe kontere haijalala. Nilipenda kungoja kule. Kisahani kikienda mbio, nilijua ndani kuna mtu anapiga pasi. Kikienda kwa uvivu, ilikuwa taa moja na labda redio. Kikisimama, nyumba haina mtu, au wanaokaa mule ni maskini siku ile. Nilisimama mbele ya kuta za mbao za watu nikiona maisha yao yakizunguka nyuma ya kioo, na mara nyingine nilisahau kuandika. Sijui kama hiyo ni sifa njema kwa mfanyakazi. Sidhani.

Kutoka Goma walinipeleka Bunagana, mpakani, kusoma kontere za maduka na za bilo za forodha. Shefu wa Ajensi wa kule alikuwa mtu wa mizaha. Umeme ulipokuja baada ya kukosekana siku nyingi, alisimama barabarani akapiga saluti. "Muheshimiwa amefika!" alisema. "Mumukaribishe vizuri ju hatalala." Kwetu umeme tunauita moto, na moto wa Bunagana kweli ulikuwa mgeni wa kupita tu. Nilikaa kule mpaka watoto wangu wakawa watu wazima. Namkumbuka yule Shefu kwa wema, ingawa wenzangu wengine walimwona mkali, na nadhani wao pia walisema kweli.

Niliporudi Goma, kampuni nyingine ilikuwa inavuta nyaya mpya kuelekea Ndosho na Mugunga, ikitafuta watu wanaojua mitaa. Walinichukua nikiwa tayari na mvi. Watoto wa Ndosho wakaniita Mama Kontere, kwa sababu ya ngazi niliyobeba begani, wakasahau jina langu, Kavira.

Kontere hizi mpya hazikuwa na kisahani. Zilifika kwa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zimefungwa kwenye makartoni, nyeupe kama sabuni, na ndani ya kila moja kulikuwa na kitu kidogo chenye anteni fupi kama kucha. Hicho ndicho moduli. Aliyetufundisha alikuwa Madamu Injenieri, msichana aliyesomea Kinshasa, aliyechanganya Kiswahili na Lingala bila kuona aibu. Alipasua moja mbele yetu kama mtu anayepasua samaki.

"Kontere inaona, Mama. Moduli ndiyo inasema na kusikia. Haina waya. Inasema na hewa."

Nikauliza, "Inasema na nani?"

"Na jirani yake."

Hapo nilipenda kazi hii mara ya pili. Alitueleza kwamba moduli ni dhaifu, sauti yake haifiki mbali. Kwa hiyo nyumba ya mbali inaambia nyumba ya karibu yake, ile inaambia nyingine, mpaka neno linafika kwenye sanduku la kukusanya juu ya mlingoti, na sanduku ndilo linaongea na bilo. Kurudi ni vilevile. Ukinunua umeme kwa telefoni, bilo inaambia sanduku, sanduku linaambia nyumba ya kwanza, na neno linapita ukuta kwa ukuta hadi kwako, ndipo taa zinawaka. Kontere hazikuwa na vibonye vya kuingizia namba kwa mkono. Neno lisipopita, kontere inajifunga yenyewe na hakuna umeme, hata kama umelipa.

Nilianza kuziota. Nilikuwa napita avenyu za Ndosho mchana, kati ya magaraji na washona viatu na pikipiki, na nilijisikia kama natembea katikati ya mazungumzo nisiyoyasikia. Nyumba ya fundi wa milango inamwambia muuza makala, yaani mkaa, muuza makala anamwambia mchungaji wa kanisa, na wenyewe wamekaa mlangoni wanamenya viazi, hawana habari. Siwezi kusema kama wenzangu waliona hivyo. Sikuwauliza, niliogopa kuchekwa.

Sasa naandika juu ya avenyu ile moja, maana ndiyo iliyonibakia.

Avenyu ile inapanda juu ya mgongo wa mawe ya volkano. Upande mmoja kuna depo kubwa la mabati, upande mwingine ukuta wa mawe. Katikati, mahali palipobana, kuna nyumba ya mbao ya Papa Bahati. Nyumba zote za juu, zikitaka kusema na mlingoti wa chini, lazima zipitie kwake. Sauti ya anteni haipenyi mabati, na jiwe la Goma lina chuma ndani yake. Alikuwa muzee wa milima ya Masisi, mfuga ng'ombe zamani, aliyekimbia vita mara mbili akakaa kambini Mugunga kabla ya kupata kiwanja kile. Aliishi peke yake. Jirani yake wa juu, Mama Masika, alikuwa mama wa Butembo, mfanyabiashara, mwenye kuvezi: sanduku la umeme la kuatamishia mayai, na alinunua mayai kwa deni la kikundi cha akina mama. Hao wawili walisalimiana kwa kichwa tu.

Asubuhi moja Mama Masika alifika kwenye bilo yetu bila kitambaa kichwani. Mtu anayemjua angeelewa tu kwa hilo.

"Moto imekatika tangu jana mangaribi," alisema. "Nimelipa. Telefoni inasema nimelipa. Mayai yangu iko katika wiki ya mwisho, inaanza kulia ndani. Ikipoa, inakufa yote."

Shefu wa Seksheni, aliyetuongoza sisi watu wa kontere, alifungua mashine yake akaona kwamba avenyu nzima ya juu haisikiki, tangu kwa Papa Bahati kwenda juu. Akanituma na ngazi.

Nilipofika nilielewa kabla ya kupanda. Kontere ya Papa Bahati ilikuwa imefunikwa kwa mkebe. Mnaijua mikebe ile ya mafuta ya msaada, inayogawiwa kambini. Watu wanaikata, wanaigonga iwe bapa, wanafanya milango na paa. Yeye alikuwa ametengeneza kisanduku kizuri kabisa, kona zimekunjwa, misumari imepangwa kwa mstari, kimefunika kontere pande zote. Mkono wa fundi. Maandishi ya mafuta yalikuwa bado yanaonekana, kichwa chini. Ndani yake moduli ilikuwa inasema na bati.

Mwenyewe alikaa mlangoni, anasuka kamba ya kufungia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa nao.

"Karibu, Mama Kontere. Umekuja kunikata?"

"Nimekuja kukusalimia, Papa."

"Na ngazi nayo imekuja kusalimia?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamwambia mkebe unazuia umeme wa watu wa juu. Akaendelea kusuka.

"Ile taa ya kijani inapepesa macho muchana na usiku," alisema. "Nilijua inasema na mutu. Inasema na nani?"

"Na bilo yetu."

"Inasema nini juu yangu?"

"Kiasi ya moto umetumia."

"Inasema kama niko?"

Nilikumbuka kisahani cha zamani, nilichokitazama miaka yote na kujua nani yuko nyumbani, na sikutaka kumwambia hapana. Wala sikuwa na uhakika wa kumwambia ndiyo. Nikapiga telefoni ya bilo kumtafuta Madamu Injenieri.

Kwanza alipokea Shefu wa Seksheni. "Mukate mukebe, mama! Mutu mumoja hawezi kufunga avenyu nzima. Akikataa ninatuma polisi." Lazima niwe wa haki kwake: telefoni yake ilikuwa inalia bila kupumzika, watu wa juu walikuwa wanamtukana, na wao pia walikuwa wamelipa. Nilimwomba anipe Madamu tu. Akampa.

Madamu alifika kwa pikipiki, akakaa juu ya jiwe mbele ya muzee, begi la kompyuta magotini. Nilitegemea aseme maneno ya kutuliza. Hakufanya hivyo.

"Papa, sitakudanganya," alisema. "Jina yako haisemi. Maneno ya nyumba haisikii. Lakini inatuma kiasi ya moto kila mara, na mutu akikaa pale bilo akaangalia vizuri, anaweza kujua: hapa batu bako, hapa hawako. Iko vile."

Papa Bahati aliweka kamba chini.

"Asanti, mutoto yangu. Wote nilikuwa nauliza, walikuwa wananicheka. Kule kwetu, wakati wa kukimbia, tulikuwa tunakula chakula baridi. Moto ya jiko tuliizima ju moshi ilikuwa inasema fasi tuko. Benye hawakuzima, walikutwa."

Kutoka juu tulisikia Mama Masika akipuliza makala. Alikuwa ameweka jiko karibu na kuvezi, na vibidoni, madumu madogo ya maji ya moto, kati ya trei, na alipiga kelele kwamba joto linashuka kila akigeuka.

Papa Bahati akauliza, "Na ya wale wa juu, njia yake inapita wapi?"

"Hapa, Papa," Madamu alisema. "Kwa ukuta yako. Yote."

"Yote?"

"Yote."

Muzee akageuza macho kwangu, na kwa mara ya kwanza niliona amekasirika. "Kule Masisi, mutu akitaka kupitisha ng'ombe moja tu kwa shamba yangu, anasimama pa lango, anakohoa, anaomba njia. Ni ng'ombe moja! Sasa miye ninapitisha avenyu nzima, kila siku, na hakuna mutu hata moja amekohoa."

Ilikuwa kweli. Kampuni haikumuuliza, wala haikuuliza mtu yeyote. Ilichagua nyumba ya kupitishia kwa ramani, kama unavyochagua mahali pa kusimika mlingoti.

Nilipanda kwa Mama Masika kumweleza. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kuvezi, uso umejaa majivu, yai moja amelishika kifuani ndani ya nguo.

"Nimuombe?" alisema. "Kitu nimelipa, nimuombe mutu? Mama Kavira, ukinunua mukate unamuomba jirani ruhusa ya kukula?"

Naye alisema kweli. Nilisimama pale nikiwa na kweli mbili, moja chini ya avenyu, moja juu, na mimi sina elimu ya kuzipima. Nilimwambia tu alichoniambia muzee, neno kwa neno, pamoja na moshi na chakula baridi. Sikuongeza langu.

Alitoa yai kifuani akaniwekea sikioni. Lilikuwa la joto, na ndani yake kulikuwa na sauti, kama mtu anayegonga kwa kucha upande wa pili wa mlango, halafu mlio mwembamba. Na yai lingine kwenye trei likaujibu. Nilisikia kabisa. Madamu baadaye aliniambia ni kawaida, vifaranga huitana kabla ya kutoka. Lakini wakati ule nilihisi kama avenyu nzima imeingia ndani ya ganda.

"Haya," alisema Mama Masika. Akajifunga kitambaa kichwani, vizuri, kama anayekwenda kanisani, akashuka.

Alisimama penye lango la Papa Bahati. Lango lenyewe ni mti mmoja uliolazwa, mtu anaweza kuuruka. Hakuuruka. Akakohoa.

"Nani?" muzee aliuliza, ingawa alimwona.

"Ni Masika, jirani yako. Papa Bahati, niko naomba njia."

"Njia ya nini?"

"Ya moto ya vifaranga vyangu."

Muzee alinyoosha kidole kwenye mkebe. "Na utasema nini kama batu bananikuta ju ya ile kitu yako?"

Mama Masika hakuwa na haraka tena, na kuvezi ilikuwa inapoa. "Sitasema kitu," alijibu. "Wakija, kwanza watanikuta miye, ju nitakuwa hapa kwako."

Papa Bahati akainuka. Hakukubali nipande. Alichukua koleo lake mwenyewe, akasimama juu ya kigoda, akang'oa misumari mmoja baada ya mwingine, akaitia mfukoni. Kisanduku cha mkebe alikishusha kwa mikono miwili, akakiweka chini taratibu kama chungu.

"Njia iko," alisema.

Taa ya kijani ilipepesa. Hakikutokea kitu. Moduli zikipoteana zinachukua muda kutafutana, Madamu alitueleza, akiwa ameshika kompyuta. Tukasubiri. Mama Masika alikuwa anasali kwa Kinande. Kisha tukasikia *tak*, sauti ya kontere ikifungua mlango wake wa ndani, nyumba ya jirani. Kisha *tak* nyingine, juu zaidi. Friji ya muuza soda ikaanza kunguruma. Zikapanda hivyo avenyu nzima, moja ikimwamsha mwenzake, mpaka tukasikia mtoto wa Mama Masika anapiga kelele, "Mama, imewaka! Imewaka!"

Vifaranga vilitoka. Siyo vyote. Trei moja, ile iliyokuwa mbali na jiko, haikutoa kitu, na Mama Masika aliilaumu kampuni mbele ya kila mtu, na alikuwa na haki. Siku chache baadaye nilikuta kifaranga kimoja kinatembea kwenye ua wa Papa Bahati, kinadonoa kamba.

Baada ya hapo Madamu Injenieri aliomba bilo ikubali jambo moja: nyumba yoyote ambayo maneno ya wengine yatapitia, tusifunge moduli kabla ya kukaa na mwenye nyumba na kumwambia ni ya nani yanayopita, na kontere inajua nini juu yake, pamoja na lile la kujua kama yuko. Shefu wa Seksheni alishika kichwa.

"Mama Kavira, tuko na mitaa inangojea gizani. Ukikohoa pa kila lango, Mugunga itapata moto lini?"

Alikuwa anasema kweli. Hata hivyo bilo ilikubali kwa timu yetu, kuomba nikapewa mimi, na kazi ikapungua kasi. Watu wa Mugunga, wengi wao wakimbizi, walikaa gizani muda mrefu zaidi kwa sababu ya kukohoa kwangu, na sijawahi kupata namna ya kulisawazisha jambo hilo moyoni. Wengine tuliowaomba walikataa, tukalazimika kusimika mlingoti. Timu nyingine, nasikia, ziliendelea kufunga bila kuuliza. Siwahukumu. Kwao pia umeme unawaka.

Nilistaafu bila sherehe kubwa, soda na maneno machache ya Shefu, mazuri kuliko nilivyotegemea. Sasa nakaa nyumbani. Asubuhi ukungu ukipanda kutoka ziwani, taa ya kontere yangu inapepesa ukutani, nami nafikiri: huyu sasa anapitisha neno la nani? Nalala kidogo kitini. Nikiamka naona nimeota kisahani kinachozunguka, kina alama nyeusi, lakini ndani ya yai.

Juzi Mama Masika alituma mtu aniite. Papa Bahati alikuwa ameondoka. Binti yake kule milimani alipata ng'ombe wawili, akamwita baba yake aje kuwatunza. Kabla ya kwenda alipita kwa Mama Masika akamwambia njia aliyompa ilikuwa yake yeye, hawezi kumpa ya mtu mwingine. Anayekuja, aombwe upya. Na nyumba ilikuwa imechukuliwa na dada mmoja wa Beni, muuza vitenge, ambaye tayari alikuwa amepachika bati jipya linalong'aa pembeni ya ukuta, karibu na kontere, ili mvua isiipige.

Mayai yalikuwa tena kwenye kuvezi. Mama Masika alitaka niende naye kueleza, kwa kuwa kazi hiyo niliijua mimi. Nilijifunga kitambaa, nikamfuata, nikawa natafuta maneno njiani na kuyapoteza.

Alisimama penye mti uliolazwa, akakohoa. Yule dada akatoka na mwiko mkononi.

"Mama, ingia tu! Lango gani hii ya kungojea?"

"Hapana, kwanza nakuomba njia," alisema Mama Masika. Akamweleza. Akamwambia juu ya jirani na jirani, juu ya anteni na bati, na vifaranga vinavyoitana. Halafu, bila kupunguza sauti, akamwambia na lile lingine: kwamba ile kitu inaweza kujua kama uko ndani, na kwamba aliyekaa hapa mbele yake aliiogopa, na alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni hii. Aliieleza vizuri kuliko mimi, na hakuacha kitu.

Yule dada aliangalia taa ya kijani. Chungu kilikuwa kinachemka ndani, hakukikimbilia. Nilisimama kando na ngazi sina, nikasubiri pamoja nao.

Halafu akavuta ule mti pembeni.

"Mama," alisema, "pita."